Nukuu, machapisho na alama za mtafiti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa wingi wakati wa kupandisha vyeo na kuomba fedha za utafiti. Ukiwa na haraka, ruka hadi swali la mwisho. Ukiwa unakaa kwenye kamati inayopima wenzako, tafadhali usiruke.

Nukuu ni nini, na wazo la kuzihesabu lilitoka wapi?

Mtafiti akiandika makala hutaja kazi za wenzake alizozitegemea au alizozipinga, kisha huziorodhesha kwenye marejeo. Kila kazi iliyoorodheshwa hapo imepata nukuu moja.

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alichapisha makala katika jarida la Science akipendekeza fahirisi ya nukuu kwa sayansi nzima. Mfano aliuchukua kwa wanasheria: tangu 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na orodha za Shepard, zilizowaonyesha ni hukumu zipi za baadaye zimeitaja hukumu fulani, na kama imetenguliwa. Garfield alifungua taasisi yake Philadelphia mwaka 1960, na fahirisi yenyewe ikatoka 1964. Nia kuu ilikuwa utafutaji. Unaijua makala moja ya zamani, unataka kuona nani ameiendeleza. Fahirisi inakupeleka mbele badala ya kukurudisha nyuma. Kuwapima watu kwa hesabu hizo kulishika kasi baadaye, na ndiko kulikoleta maneno.

Makala iliyonukuliwa sana ni makala bora?

Imetumika sana, au imezungumzwa sana. Ubora ni suala jingine, na hesabu peke yake haikuambii lipi ni lipi.

Makala inayotajwa kuwa imenukuliwa kuliko zote katika historia ni ya Oliver Lowry na wenzake, ya mwaka 1951. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye sampuli, na ina nukuu zaidi ya 300,000. Ni kazi nzuri ya maabara, lakini hakuna anayesema imeizidi makala iliyoeleza umbo la DNA. Kila aliyepima protini kwa njia hiyo alilazimika kuitaja, basi.

Upande wa pili kuna makala ya Andrew Wakefield katika The Lancet, mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Jarida liliibatilisha mwaka 2010. Imenukuliwa mno, na wengi walioitaja walikuwa wanaipinga au wanaionyesha kama mfano wa utafiti uliopotoka. Kompyuta inayohesabu nukuu haisomi sentensi. Kwake lawama na sifa zote ni moja.

Halafu kuna kazi zinazolala. Gregor Mendel alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866, na wanasayansi walikuja kuyashtukia mwaka 1900, yeye akiwa ameshafariki. Kamati ya cheo ingempima baada ya miaka mitano, ingemwambia ajaribu tena.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha idadi ya nukuu, fungua makala tatu au nne zilizomnukuu usome sentensi yenyewe. Kuna "tulitumia njia ya fulani", kuna "matokeo yetu yanapingana na ya fulani", na kuna ile ya adabu tu, ambapo majina saba yamebanwa kwenye mabano moja na hakuna hata moja lililojadiliwa. Dakika kumi za kusoma hivyo zina faida kuliko jedwali la kurasa mbili.

Kigezo cha athari cha jarida hukokotolewaje?

Kigezo cha athari (impact factor) ni wastani wa nukuu kwa kila makala ya jarida. Tuseme unataka kigezo cha mwaka 2024. Unahesabu mara ambazo machapisho ya mwaka 2024 yameyanukuu yaliyotoka kwenye jarida hilo mwaka 2022 na 2023. Kisha unagawanya kwa idadi ya makala zilizotoka miaka hiyo miwili. Jarida lililotoa makala 55 na 65, jumla 120, zikanukuliwa mara 300, litakuwa na 300 ÷ 120, yaani 2.5. Hesabu hizi zimekuwa zikitolewa kila mwaka tangu 1975 katika ripoti ambayo siku hizi iko mikononi mwa kampuni ya Clarivate. Kwa miaka mingi ziliandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Tangu 2023 inaandikwa moja tu, na ni afadhali, maana ile tofauti ya 3.412 na 3.418 ilikuwa inagombanisha watu bure.

Hesabu ina mwanya. Barua kwa mhariri, tahariri na maoni mafupi hazihesabiwi kama makala pale chini kwenye mgawanyo, lakini zikinukuliwa, nukuu zake zinaingia juu. Mhariri mjanja anajua la kufanya na mwanya huo.

Basi makala yangu ikitoka kwenye jarida lenye kigezo kikubwa, nami ni mkubwa?

Hapa ndipo watu wazima wenye shahada tatu wanapoteleza. Kigezo ni wastani, na nukuu hazigawanyiki kwa usawa hata kidogo. Per Seglen, mtafiti wa Norway, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kwenye majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala ndizo zilizobeba nusu ya nukuu zote. Nyingine zinaishi kwa jina la jirani.

Mfano ninaoupenda ni wa jarida la fuwele, Acta Crystallographica, sehemu A. Kigezo chake cha mwaka 2008 kilikuwa 2.051. Cha mwaka 2009 kikaruka hadi 49.926, kikayapita Nature na Science. Jarida halikubadilika. Kilichotokea ni kwamba George Sheldrick aliandika makala moja kuhusu SHELX, programu ya kompyuta ambayo wataalamu wa fuwele duniani kote wanaitumia, na ndani yake akaomba kila anayeitumia aitaje makala hiyo. Wakaitaja maelfu kwa maelfu. Aliyekuwa na makala kwenye jarida hilohilo mwaka huohuo, isiyosomwa na yeyote, naye aliandika "49.926" kwenye wasifu wake, na kwa sheria za wakati ule hakuwa amedanganya.

Garfield mwenyewe alionya mara nyingi kwamba kigezo cha jarida kisitumike kumpima mtu mmojammoja.

Fahirisi ya h ni nini? Nipigie hesabu.

Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme nukuu zake ni 42, 18, 9, 6, 5, 3, 1, 0. Shuka ukihesabu nafasi: ya kwanza ina 42, ya pili 18, ya tatu 9, ya nne 6, ya tano 5. Ya sita ina 3, ambayo ni chini ya sita, kwa hiyo unasimama. h yako ni 5: una makala tano zilizonukuliwa angalau mara tano kila moja.

Sasa mchukue mwenzako mwenye 5,000, 5, 5, 5, 5, 2. Naye h yake ni 5. Makala yake moja imebadilisha fani nzima, na alama haikuliona hilo. Mwaka 2006 Leo Egghe alileta fahirisi ya g ili kuwapa uzito wenye makala zilizolipuka namna hiyo, lakini haijapata umaarufu wa h. Ile i10 ya Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma, ni nyepesi zaidi: idadi ya makala zenye nukuu kumi au zaidi.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, h haishuki: unaweza kustaafu, ukalima bustani miaka ishirini, na ikaendelea kupanda. Pili, inapendelea wenye umri. Kumlinganisha aliyemaliza uzamivu juzi na profesa wa miaka thelathini kwa h ni kuwalinganisha kwa tarehe za kuzaliwa. Hirsch mwenyewe alitoa makadirio kwa wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti, h ya 12 hivi kwa profesa mshiriki na 18 kwa profesa kamili, na watu wakayabeba makadirio hayo hadi kwenye fani ambazo hakuzitaja kabisa. Mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Mbona Google Scholar inanipa nukuu nyingi kuliko Scopus na Web of Science?

Kwa sababu ni kanzidata, yaani hifadhi za taarifa za kompyuta, zinazosoma maktaba tofauti. Web of Science ndiyo mrithi wa fahirisi ya Garfield, na Scopus ilianzishwa na kampuni ya Elsevier mwaka 2004. Zote mbili huchagua majarida ya kuingiza. Google Scholar, iliyoanza mwaka huohuo wa 2004, inatambaa mtandaoni na kuokota karibu kila kinachofanana na maandishi ya kitaaluma: tasnifu, ripoti, vitabu, rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, hata slaidi za mihadhara.

Upana huo una raha yake na karaha yake. Raha ni kwamba vitabu, na kazi zisizo za Kiingereza, huonekana. Ukiandika historia, sheria au fasihi, zile kanzidata mbili zinaweza kukuonyesha kama mtu asiyefanya kazi, ilhali vitabu vyako vinafundishwa. Karaha ni kwamba mlango hauna bawabu. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtaalamu wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa, alitunga mtafiti asiyekuwepo aliyemwita Ike Antkare, akamtengenezea makala za upuuzi zilizoandikwa na programu na zinazonukuliana zenyewe kwa zenyewe. Mtafiti huyo wa hewani akafikisha h ya 94 kwenye Google Scholar, juu ya Einstein.

Tangu 2022 ipo pia OpenAlex, iliyo wazi na ya bure, na inafaa kujaribiwa na yeyote asiyeweza kulipia kanzidata za biashara.

Nukuu zangu zimegawanyika kwa majina matatu. Nifanye nini?

Jisajili ORCID. Ni bure, ilianza 2012, na inakupa namba ya tarakimu 16 isiyobadilika hata ukibadili jina au chuo. Iweke kwenye kila makala unayowasilisha. Kisha andika jina lako kwa namna moja tu maisha yako yote ya uandishi. Ukiandika leo "J. M.", kesho "Juma", keshokutwa jina la baba likitangulia, hapo ndipo kompyuta inapokugeuza watu watatu. Scopus ina fomu ya kuomba wasifu uunganishwe, na kwenye Google Scholar unaunganisha mwenyewe.

Kujinukuu ni kosa?

Hapana. Anayeendeleza kazi yake ya mwaka juzi asipoitaja, msomaji atapotea. Kosa ni kuingiza makala zako kumi kwenye utangulizi ambao hauzihitaji. Baya zaidi ni mhariri au mhakiki anayekuandikia "tafadhali ongeza makala hizi nne" na zote nne ni zake. Una haki ya kumjibu mhariri kwa heshima kwamba hazihusiani na hoja yako. Yapo pia majarida yanayopeana nukuu kwa mapatano. Yakigundulika, Clarivate huyanyima kigezo kwa mwaka husika.

Naweza kumlinganisha mtaalamu wa hisabati na wa tiba kwa nukuu?

Ukitumia hesabu ghafi, usithubutu. Wa tiba huandika mara nyingi, kwa timu kubwa, na orodha ndefu za marejeo. Wa hisabati huandika kidogo, marejeo machache, na makala yake huanza kunukuliwa taratibu. Nukuu 20 kwa mmoja ni sherehe na kwa mwingine ni kawaida.

Dawa ya kiasi ni kulinganisha kila makala na nyingine za fani ileile, mwaka uleule na aina ileile. Scopus inatoa kipimo cha namna hiyo: 1.00 ni wastani wa dunia, 1.50 ni asilimia 50 juu yake. Hata hapo, mwenye makala sita tu asijisifu, kwa sababu moja iliyobahatika inaupandisha wastani wa zote.

Makala ina waandishi mia. Kila mmoja anapata nukuu nzima?

Kwenye kanzidata nyingi, ndiyo, kila mmoja anapewa zote. Mwaka 2015 makala ya vipimo vya uzito wa chembe ya Higgs, kutoka timu mbili za maabara ya fizikia ya CERN, ilikuwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa 33, kurasa 24 zilikuwa majina na taasisi zao. Kila mmoja wao akaongeza makala moja kwenye wasifu. Njia ya kugawa, ambapo waandishi kumi wanapata sehemu moja ya kumi kila mmoja, ni ya haki zaidi kwa kulinganisha nchi au vyuo, ingawa kwa mtu mmoja inaweza kumwadhibu anayeshirikiana na wengine. Kinachofaa zaidi ni maelezo ya nani alifanya nini, nani alikusanya takwimu, nani aliandika rasimu, na majarida mengi sasa yanayadai.

Jarida limeniandikia likiahidi kuchapisha ndani ya siku saba. Nilipe?

Subiri kwanza. Kupitiwa na wataalamu wenzako kwa makini hakumaliziki kwa wiki. Angalia mambo haya: je, barua inakuita mtaalamu mashuhuri wa fani usiyoisomea? Je, "kigezo cha athari" wanachojivunia kimetolewa na kampuni ambayo hujawahi kuisikia? Je, walioorodheshwa kwenye bodi ya wahariri wanajua kwamba wamo? Waandikie wawili uwaulize. Ada yenyewe siyo dalili, kwani majarida mengi ya kuheshimika yenye makala huru kwa wote nayo hutoza. Orodha maarufu ya Jeffrey Beall ya majarida ya kitapeli ilifungwa Januari 2017, na nakala zinazozunguka mtandaoni ni za zamani. DOAJ, saraka ya majarida huru, ni pa kuanzia pazuri zaidi.

Na usidhani kwamba kuwemo kwenye kanzidata kubwa ni kinga ya milele. Majarida huondolewa, wakati mwingine makala yako ikiwa tayari ndani. Mwaka 2023 makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, sehemu kubwa zikiwa za kampuni moja ya uchapishaji, Hindawi, baada ya viwanda vya makala bandia kupenya kwenye matoleo yake maalumu.

Mwenye machapisho machache ana nafasi kweli?

Wengi wana machache. Alfred Lotka aliliona hilo mwaka 1926 alipohesabu waandishi wa kemia na fizikia: takriban asilimia 60 walikuwa na chapisho moja tu, na waliofuata walipungua haraka. Mwanasosiolojia Robert Merton naye alieleza mwaka 1968 kwa nini pengo hujipanua: mwenye nacho huongezewa. Jina linalojulikana hunukuliwa, na kunukuliwa humfanya ajulikane zaidi.

Peter Higgs, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2013, alichapisha makala zisizofika kumi baada ya ile kazi yake ya 1964 iliyotabiri chembe yenye jina lake. Alisema waziwazi kwamba kwa utaratibu wa siku hizi asingepata ajira chuoni. Simtaji ili mtu akae asiandike. Namtaja kwa sababu kamati zinazogawa alama kwa kila chapisho huwafundisha vijana kukata utafiti mmoja vipande vitano, na msomaji ndiye anayelipa kwa kusoma utangulizi uleule mara tano.

Kuna taasisi zilizoacha vipimo hivi?

Zipo zilizovipunguzia nguvu. Tamko la San Francisco, DORA, lilianza kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli mwaka 2012 na likachapishwa 2013. Linataka kigezo cha jarida kisitumike kuajiri, kupandisha cheo wala kutoa fedha. Manifesto ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi, ya kwanza ikiwa kwamba namba zisaidie hukumu ya wataalamu na zisichukue nafasi yake. Mwaka 2020 China, ambako fedha taslimu zilikuwa zikitolewa kwa makala za kimataifa, iliagiza vyuo viache kutegemea hesabu hizo. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Utrecht kikatangaza kuachana na kigezo cha athari katika ajira na vyeo. Kusaini tamko ni rahisi, hata hivyo. Uliza fomu ya maombi ya cheo inasemaje. Kama bado ina safu ya kigezo cha jarida, saini iko ukutani tu.

Na zile alama za kutajwa kwenye mitandao ya kijamii na magazeti?

Zinaonyesha mazungumzo, na zinakuja mapema kuliko nukuu. Makala yenye kichwa cha kuchekesha hushinda. Zitumie kutafuta nani nje ya chuo ameisoma kazi yako, hasa kama kuna hati ya sera iliyoitaja, kisha uitaje hati hiyo kwa jina. Alama yenyewe iache.

Niandike nini kwenye maombi yangu?

Fuata fomu. Ikitaka h, toa h, pamoja na chanzo na tarehe, na usichanganye: nukuu za Google Scholar kwenye mstari mmoja na h ya Scopus kwenye mwingine ni ishara mbaya kwa anayejua. Kisha chagua makala tatu au nne na uandike mistari miwili kwa kila moja. Kwa mfano: "Makala hii ilionyesha kwamba kipimo cha maji kilichokuwa kikitumika kinakosea kwenye maji ya chumvi. Timu mbili zisizohusiana nasi zimerudia jaribio na kupata matokeo yaleyale. Kufikia tarehe 3 Machi imenukuliwa mara 31 (Scopus), bila kuhesabu tulizojinukuu." Mhakiki akifungua kanzidata wiki tatu baadaye akakuta 33, tarehe uliyoandika itakuwa imeshamjibu.